Jiwe la Rejimenti ya 52

Shauri Namba 318, Ombi la Kusogeza Jiwe la Kumbukumbu Hatua Mia Mbili na Kumi Kuelekea Kaskazini: hivyo ndivyo Koplo Lemuel Haskett alivyojulikana serikalini kwa miaka kumi na tisa ya mwisho ya maisha yake, nasi wa ukoo tunaomba, ndugu waombolezaji, leo ajulikane na kwa mengine.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1843 hapa Coldwater Mills, Iowa, mtoto wa pili wa seremala Enos Haskett na mkewe Thirza, akasoma miaka mitano katika shule ya chumba kimoja, ambako alisifiwa sana kwa mwandiko wake, sifa iliyokuja kumponza.

Agosti 1862, katika vita vya Kaskazini na Kusini, alijiunga na Rejimenti ya 52 ya Iowa pamoja na kaka yake Orrin, ambaye mwanawe ndiye anayewasomea historia hii, na kwa ajili ya mwandiko ule akafanywa karani wa rejimenti, ila bunduki hakupunguziwa. Tarehe 14 Mei 1863, katika mapigano ya Kijito cha Sorrel, rejimenti iliwekwa kwenye ukuta wa mawe, uso kwa uso na Rejimenti ya 71 ya Georgia, ya jeshi la Kusini, asubuhi wakiwa watu 388, jioni wakaitika 203, na Orrin hakuitika. Waliobaki waliteremka chemchemini kunywa maji, marehemu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajaza fomu ya idadi, na kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya mahali, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini anayeheshimu fomu, akaandika pale alipokuwa ameketi: chemchemini.

Baada ya vita alikuwa karani wa kituo chetu cha reli, tangu 1866 hadi 1908. Tarehe 11 Oktoba 1869 alimwoa Drusilla Penhallow, wakajaliwa binti mmoja, Keziah, aliyefariki kwa dondakoo mwaka 1877 akiwa na miaka sita, na mama yake akamfuata mwaka 1889, na tangu hapo marehemu alimenya viazi vya mtu mmoja.

Mwaka 1902 Tume ya Uwanja wa Mapambano ilisimika jiwe la rejimenti chemchemini, hatua mia mbili na kumi nyuma ya ukuta, hata kila apitaye akalisoma na kuelewa kwamba watu wa Iowa siku ile walijificha. Marehemu akaandika barua. Tume ikajibu kwamba inao ushahidi wa karani wa rejimenti mwenyewe, mtu makini, ambao hauwezi kutenguliwa na kumbukumbu za Koplo Haskett. Akajibu kwamba karani huyo ni yeye. Wakampongeza kwa mwandiko, wakaomba ramani, kisha ramani ileile katika karatasi kubwa zaidi, na mwaka 1916 wakaomba mashahidi wawili wa rejimenti walio hai, wakati huo akiwa amebaki mmoja, yeye mwenyewe.

Mikutano ya kila mwaka ya rejimenti aliendelea kuifungua katika ukumbi wa kanisa hili, akiita majina yote 388, akinyamaza kidogo baada ya kila moja, na kuitika la kwake.

Mei 1919 alisafiri hadi ukutani, akamkuta mzee mmoja wa Georgia, Bwana Tolliver Gaines, mwenye sikio moja, wakaulizana rejimenti.

"Yanki, kichwa chako kilikuwa juu ya jiwe hili hapa," Bwana Gaines alimwambia. "Au unadhani sikio langu lilichukuliwa na mtu aliyekuwa chemchemini?"

Marehemu akamwomba radhi kwa sikio.

"Achana nalo, bwana. Hili lililobaki linamtosha mke wangu. Lete hiyo karatasi yako nitie sahihi."

Alitusimulia mara nyingi kwamba hapo alikaa juu ya ukuta muda mrefu, maana ilikuwa miaka mingi tangu mtu mwingine amwambie kwamba alikuwapo. Tume ikajibu kwamba ushahidi wa adui hupokelewa kwa mawe ya adui tu. Bwana Gaines alifariki majira ya baridi yaliyofuata.

Marehemu alishikwa na nimonia mwezi uliopita, akafariki nyumbani kwake tarehe 6 Februari 1921, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka 77.

Tunamshukuru Daktari Brandvold, majirani waliomletea supu akaila kwa adabu, na wafanyakazi wa reli waliolibeba jeneza. Tunaishukuru pia Tume, ambayo barua yake ya Alhamisi inauliza kama mwombaji bado ana nia ya kuendelea. Tumewajibu kuwa anayo, na kwamba sasa itashikwa na mtoto wa Orrin.

Lala kwa amani, baba mdogo, umekwisha kuwaita wote.

Tarehe 14 Mei 1863, tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Rejimenti ya 52 ilikuwa ukutani. Baada ya hapo ilikwenda kunywa maji.