Mjane wa Miaka Minane

Mama: Haloo? Ni nani?

Binti: Mama, shikamoo. Ni mimi.

Mama: Marahaba. Mimi ndiye nani? Wenye jina hilo ni wengi.

Binti: Mwanao, mama. Kwani unao wangapi?

Mama: Mmoja tu, na huyo hapigi simu. Hupigiwa. Tena Jumapili. Leo Jumanne mchana, kuna nini? Chiriku mzima?

Binti: Mzima, yuko shule. Mbona unaongea hivyo—una nini mdomoni?

Mama: Pini. Napinda sketi za shule. [anazitema] Haya, nimezitoa. Na wewe mbona unanong'ona?

Binti: Nimejificha stoo, huku nyuma ya duka la dawa. Wateja wako dirishani. Nimekalia boksi la dawa ya kikohozi.

Mama: Usiliponde, watu wakakosa.

Binti: Mama, nisikilize. Nimepigiwa simu na mwalimu wa mjukuu wako.

Mama: Kaongea darasani. Hatukumwita Chiriku bure.

Binti: Siyo hilo. Kaandika insha, "Familia Yangu". Kwa Kiingereza.

Mama: Miaka minane, insha ya Kiingereza. Kapata ngapi?

Binti: Haijasahihishwa. Imepelekwa kwa mwalimu mkuu.

Mama: Nzuri kiasi hicho?

Binti: Mama. Kaandika kwamba yeye ni mjane.

Mama: [kimya]

Binti: Haloo? Uko?

Mama: Niko. Nimecheka nikajichoma sindano. Endelea.

Binti: Haichekeshi. Kaandika hivi: "Mimi ni mke wa pili wa babu yangu. Mume wetu alifariki mwaka juzi. Mke mwenzangu hunipigia simu kila Jumapili, tunagombana alimpenda nani zaidi."

Mama: Sijaona uongo hapo.

Binti: Wanauliza kama mtoto kaozwa.

Mama: Aozwe, na mimi bi mkubwa nisialikwe?

Binti: Mama, mimi nimeitwa kesho asubuhi. Mwalimu, mkuu wa shule, na mshauri wa wanafunzi. Wao watatu, mimi peke yangu.

Mama: Si uwaambie ni utani. Bibi na mjukuu wake ni wake wenza, tangu enzi na enzi. Hilo nalo la kuitiwa mkutano?

Binti: Nilimwambia mwalimu ni mzaha. Akaniuliza, mzaha gani wa kumwita mtoto mke wa mtu? Kwa Kiingereza linatoka vibaya, mama. Mwenyewe nililisikia nikaona aibu.

Mama: Na huyo mwalimu hana bibi?

Binti: Anaye. Tena Kiswahili chake kinapita changu. Lakini ndani ya shule hakitumiki, hata kwa mzazi. Ndiyo sheria yao.

Mama: Basi mngojee getini. Akishatoka nje atakumbuka babu yake alimwitaje.

Binti: [anacheka kidogo] Usinichekeshe, wateja watanisikia.

Mama: Sasa ukamjibu nini?

Binti: Nani?

Mama: Huyo mwalimu. Kakuuliza mzaha gani, ukamjibu nini?

Binti: [mkwaruzo] ...mtandao huku si mz—

Mama: Mtandao mzuri. Nakusikia mpaka unavyomeza mate.

Binti: Niliishiwa maneno, mama. Nikasema... nikasema bibi yake ni mtu mzima sana. Kwamba tangu msiba kumbukumbu zinampotea. Anachanganya watu.

Mama: Haloo? Ni nani?

Binti: Mama, jamani.

Mama: Samahani, kumbukumbu zimepotea. Wewe ndiye fundi bomba?

Binti: Nisamehe. Liliniponyoka.

Mama: Fundi, lile bomba la jikoni bado linavuja.

Binti: Mama, tafadhali.

Mama: Nimeumia, mwanangu. Natania, lakini nimeumia. Ungesema mimi mkorofi ningelipokea, wengi wamesema. Lakini kichaa?

Binti: Sikusema kichaa.

Mama: Ulisema kwa Kiingereza. Sijui huko lilitokaje.

Binti: Lilitoka vibaya.

Mama: Haya. Na hukunipigia kuniambia hilo. Ulipiga kuniomba jambo. Liseme.

Binti: Mwalimu anashauri... kwa sasa tu, mama... usimwite tena bi mdogo. Umwite jina lake. Na hizo simu za Jumapili, kama inawezekana, ziwe za Kiingereza. Au zipungue kwanza.

Mama: Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Nikishamsalimu, tutabaki kusikilizana pumzi.

Binti: Najua.

Mama: Hujui. Yule mtoto ndiye mtu pekee anayenizungumzia mume wangu. Majirani wamenyamaza, wanadhani ndiyo adabu. Wewe hujamtaja baba yako tangu tuzike. Chiriku ananiuliza, "Bi mkubwa, mume wetu alivyokuwa anakoroma vile, wewe ulilalaje?" Nikikata simu nalala vizuri. Sasa ukimnyamazisha na huyo, nibaki na nani?

Binti: Sikujua, mama.

Mama: Ungejuaje? Jumapili ukishampa simu unakwenda kuosha vyombo. Navisikia.

Binti: Naviosha kwa sababu siwezi kuwasikiliza. Mnavyocheka mkimtaja... mimi siwezi.

Mama: Vyombo vyenyewe huwa vimeshaoshwa, au siyo?

Binti: Huwa vimeshaoshwa.

Mama: Nilijua. Haya, tufanye mimi ndiye mwalimu. Mama Chiriku, karibu, keti. Hivi mtoto wako ni mjane?

Binti: Mama, nina wateja.

Mama: Watasubiri. Nimekuuliza swali.

Binti: [anakohoa] Katika utamaduni wetu, uhusiano baina ya bibi na mjukuu ni—

Mama: Nimesinzia.

Binti: Sasa nisemeje?

Mama: Usitafsiri. Hilo neno ukilivusha linafika limekufa. Wewe wasimulie. Wasimulie machungwa.

Binti: Machungwa gani?

Mama: Eti machungwa gani. Na ni mimi niliyepotewa na kumbukumbu.

Binti: Sijasahau. Baba... baba alikuwa akitoka karakana na machungwa mawili mfukoni. Nguo zote mavumbi ya mbao. Haingii ndani. Anasimama mlangoni, anakohoa.

Mama: Anakohoaje?

Binti: Kikohozi cha uongo, kile cha mwenye mji. Halafu anasema, "Wake zangu, mume amerudi, hamna hata wa kumpokea?" Chiriku anatoka mbio na kiatu kimoja. Anapewa chungwa kubwa. Wewe unanuna, unageukia ukutani, unasema kesho unarudi kwenu.

Mama: Na nguo nafunga.

Binti: Unafunga nguo. Mpaka Chiriku anakuonea huruma. Anamenya chungwa lake kwa meno, anakupa nusu.

Mama: Nusu ndogo.

Binti: Nusu ndogo. Na ile siku ya hospitali alibeba yeye chungwa. Alilimenya kabisa, akalipuliza, akamwambia, "Mume wangu, leo kula wewe kwanza, sisi tuta—"

Mama: Mtandao umekata.

Binti: Si mtandao, mama.

Mama: Najua. Lia tu. Boksi la kikohozi halitamwambia mtu.

Binti: Baba hakulila. Alilishika tu mkononi.

Mama: Alilishika mpaka nilipolitoa mimi.

Binti: [anapenga kamasi] Nimemkumbuka, mama.

Mama: Na mimi. Kila siku. Sasa niambie, hiyo hadithi kwa Kiingereza inatoka?

Binti: Hiyo inatoka.

Mama: Basi wape hiyo. Wakimaliza wakuulize kama mtoto kaozwa. Na kumbukumbu zangu je?

Binti: Nitaanza na hizo. Nitawaambia nilisema uongo kwa kuona aibu, na mama yangu ana akili kunishinda.

Mama: Wote watatu wasikie.

Binti: Wote watatu. Mama, salio linaisha, simu imeanza kulia. Na kuna mtu anagonga dirisha.

Mama: Mpe dawa ya watu. Ila niambie, Jumapili nipige nisipige?

Binti: Piga. Usipopiga atasema amekushinda.

Mama: Ashinde nini? Mwambie, bi mkubwa anasema mume alinipenda mimi.

Binti: Hapana, mama, hilo simpelekei. Mimi nilikuwepo. Baba alikuwa wa bi mdogo, na vyombo naacha kuosha, Jumapili nakaa hapohapo nimtetee. Chungwa kubwa lilikuwa la—

Mama: La nani? Haloo? [simu imekatika] Alimpa kwa kuwa ni mtoto tu. Unanisikia? Haloo?