Maisha ya Bwana Kimya, Aliyevusha Vitabu Barabara Hadi Sokoni

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii kuja kutusindikiza, familia inawaomba mtulie, na walio nyuma kule ukutani wasogee kidogo, kwa sababu anayesoma hana sauti kubwa, na humu ndani kuna mambo ambayo mjane ametaka yamfikie kila mtu, nasi kwa neema ya Mungu tutayasema yote, mazuri na yale ambayo kwa kawaida familia huyafunika.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Kimya, alizaliwa tarehe 9 Mei 1956 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa baba mchomeaji vyuma na mama aliyefua nguo za watu, na tunaambiwa alichelewa sana kusema, hata bibi yake akawa anamshika kidevu na kumwambia "wewe bwana, unatuficha nini humo ndani?", lakini siku aliyoanza, neno la kwanza lililosikika vizuri lilikuwa "nini", akimnyooshea kidole kuku, akainyooshea ndoo, kisha akamnyooshea mchungaji aliyekuja kumbatiza, na watu wakacheka mpaka ibada ikasimama.

Alianza darasa la kwanza Januari 1964 katika shule iliyo jirani na tangi la maji, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, hesabu alifeli na hilo hatulifichi, lakini alipenda vitabu kuliko chakula, na mama alikuwa akimwita mezani hadi anachoka, halafu anamwondolea sahani na bado yeye hajui.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa kuwa mhudumu katika maktaba ya umma, tawi lile linalotazamana na soko, chumba kimoja kirefu chenye makabati ya chuma na feni moja iliyokuwa ikilalamika juu, na kazi yake ilikuwa kugonga mihuri, kubandika namba migongoni mwa vitabu, kushona vilivyochanika kwa uzi wa viatu, na zaidi ya yote kulinda ukimya, maana aliandika kwa mkono wake kibao cha rangi nyekundu kilichosema KIMYA, akakitundika juu ya mlango, akakisimamia kama askari, mtu akipiga chafya anatazamwa kana kwamba ameiba, na mdogo wake huyu anayewasomea hapa aliwahi kutolewa nje kwa shati, mbele ya wanafunzi, kwa kosa la kuicheka picha ya ngamia.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke wa maneno na vicheko, Mungu mwenyewe aliona mizani ilipopungukiwa, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza ni muuguzi, wa pili dereva wa malori, na kitindamimba ni mwalimu wa chekechea, lakini familia inakiri kwamba ukimya wa kazini alirudi nao nyumbani, jioni anakaa na kitabu chake, mkewe yuko kwenye cherehani, naye akimwuliza "baba watoto, humo leo kuna nini?" jibu lilikuwa "ni habari ndefu", kisha ukurasa unafunuliwa, na shemeji yetu huyu alikaa miaka mingi akivifuta vumbi vitabu ambavyo angetoa chochote kujua vinasema nini.

Mwaka 2006 ofisi kuu ya maktaba ilitangaza kwamba kuna mfuko unaotoa ruzuku ndogo ndogo kwa matawi yatakayopeleka huduma kwa watu nje ya jengo, na mkuu mpya wa tawi, binti wa umri wa kuweza kuwa mwanawe, akamwita na kumwuliza kwa nini watu wazima wa sokoni hawaingii ilhali mlango uko wazi na barabara ni ya kuvuka tu, marehemu akamjibu "afadhali wasiingie, watapiga kelele", binti akacheka akasema "basi Mzee, tutawafuata huko huko kwenye kelele zao, na atakayekwenda ni wewe", na kweli ombi likakubaliwa, fedha yenyewe haikuwa ya kujivunia, ikatosha mkokoteni wa magurudumu mawili, benchi, turubai, na posho ya mwalimu mmoja mstaafu.

Jumatano ya kwanza alivusha mkokoteni barabara, akaweka benchi kati ya mama wa nyanya na fundi viatu, akavipanga vitabu kwa namba zake, na kisha, wapendwa, akakitoa kile kibao cha KIMYA kwenye mfuko na kukitundika kwenye nguzo ya turubai katikati ya soko, watu wakashika mbavu, mama wa nyanya akamwuliza "baba yangu, hapa sisi tukinyamaza watoto watakula nini?", na fundi viatu akaanza kugonga msumari kwa ncha ya kidole huku akiuliza kama na nyundo nayo imekatazwa, lakini kaka yetu alikuwa mbishi, hakukiondoa, akakaa kutwa nzima hakuna aliyemkaribia, na Jumatano iliyofuata akarudi nacho vilevile.

Aliyemwokoa ni mchukuzi mmoja wa mizigo, ambaye alitua gunia la vitunguu, akakitazama kibao, na kwa heshima akainama akamnong'oneza sikioni, "Mzee, samahani, hivi kwa nini kitunguu kinamliza hata mtu ambaye hakukikata?", naye akamnong'oneza vilevile kwamba hajui, akamwambia angoje, akavuka barabara, akapekua makabati, akarudi na kitabu, akaanza kumsomea kwa sauti ya chini, mchukuzi hasikii kwa ajili ya zogo, akapandisha kidogo, bado hasikii, akapandisha tena, mpaka mama wa nyanya akaacha kuuza akageuka, na wateja wake wakageuka, na mtu ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti maishani alikuwa amesimama juu ya benchi akilitangazia soko zima habari za vitunguu.

Toka siku hiyo hakupumzika, maana watu walikuwa na maswali yaliyokaa moyoni tangu utoto na hawakuwa na pa kuyapeleka, kwa nini mwezi unakufuata ukitembea, samaki analala akiwa amefumba macho au vipi, mwenye nyumba anaruhusiwa na sheria kung'oa mlango wa mpangaji, mtoto mchanga akicheka usingizini anamwona nani, hilo la mwisho hakulipatia jibu vitabuni na alikuwa akilirudia mara kwa mara, na ajabu ni kwamba maswali hayo aliyabeba hadi nyumbani, akaanza kuyasimulia mezani, naye mkewe akamwuliza zaidi, chakula kinapoa, majirani mkaanza kujiuliza huyo mgeni anayeongea humo ndani ni nani.

Sasa tunafika pale ambapo tulibishana na mjane, kwa sababu anayesoma alimwambia "shemeji, haya ni mambo ya ndani, tuyaache", naye akajibu "shemeji, wewe andika", basi yameandikwa.

Mwalimu mstaafu aliyelipwa na ile ruzuku alifungua darasa la kusoma kwa watu wazima kwenye ghala la nafaka, jioni za Jumatano na Ijumaa soko likishafungwa, na Ijumaa tarehe 16 Machi 2007 marehemu alipeleka chaki zilizokuwa zimesahaulika, akasimama mlangoni, akamwona mkewe ameketi juu ya gunia la mahindi, kidole kwenye mstari, midomo ikitafuta silabi, mwanamke ambaye kila Ijumaa alikuwa akiaga kwamba anapeleka nguo kwa mteja, ambaye kanisani alishika kitabu cha nyimbo na kuimba kila ubeti kwa kichwa, na ambaye vipimo vyote vya wateja aliviweka kwa vifundo kwenye uzi, kiuno uzi wake, mkono uzi wake, naye mumewe miaka yote alidhani ndivyo mafundi cherehani wanavyofanya.

Mwalimu akamwambia "Mzee, ingia au toka, unatuzibia mwanga", naye akaingia, akakaa juu ya gunia la pili hadi darasa likaisha, akambebea mkewe kapu, na njiani akamwuliza "tangu lini?", akajibiwa "tangu kile kitunguu", wakaenda kidogo, akauliza tena "na mbona hukuniambia mama watoto, mimi ambaye kazi yangu ni hiyo hiyo?", mkewe akasema "ningekwambia, ungesema nini?", walipofika getini ndipo mumewe akasema "ningesema shii", na asubuhi yake kibao kile hakikuonekana tena maktaba wala sokoni, hata leo hatujui alikipeleka wapi.

Mwaka 2008 muda wa ruzuku uliisha, na mfuko ukasema uko tayari kuongeza, ila unataka mwanafunzi mmoja wa darasa lile aende mbele ya kamati aseme kwa kinywa chake, kwa jina lake, kwamba alikuwa hajui kusoma na sasa anajua, na hapo ndipo shida ilipoanza, maana wote waliogopa, mmoja alikuwa amewaficha watoto wake jambo hilo, mwingine alikuwa mtunza hazina wa kikundi, na mkuu wa tawi alipomdokeza marehemu kwamba mkewe ni msemaji na angeweza, alijibu kwa ukali ambao si wa kawaida yake, "siri hiyo si yangu, siwezi kuitoa", wala hakumwomba mkewe, ni mwalimu aliyemfikishia habari, naye mke akalala nayo siku kadhaa, akavaa hata nguo za kutokea siku ya kamati, akafika mpaka kwenye ngazi za ofisi, akarudi.

Ruzuku haikuongezwa, ghala likarudishiwa magunia, mwalimu akahamia kwa mwanawe, na marehemu hakumlaumu mkewe hata siku moja, jioni ile ile aliondoa vyombo mezani, akaweka kitabu kati yao, akasema "tuanzie hapa", na hivyo ndivyo alivyomalizia kumfundisha, polepole, akikosea mno kwa kukosa subira, tunakiri, mara mbili alimwambia hajitahidi na mara mbili akalala bila kusemeshwa.

Alistaafu tarehe 9 Mei 2016, lakini mkokoteni hakuustaafisha, kila Jumatano alivuka nao, hadi Septemba 2022 alipoanza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi katikati ya barabara, madereva wakimpigia honi, naye akiwapungia mkono kana kwamba ni salamu, ikabainika kwamba moyo umechoka, akawa anaingia na kutoka hospitali kuu, wodi ya wanaume, na huko nako alimwuliza daktari maswali mpaka daktari akamchorea moyo nyuma ya karatasi ya dawa na kumwambia "Mzee, wewe utanifelisha", naye akaizungusha ile picha kitanda kwa kitanda akiwaeleza wagonjwa wenzake damu inapitia wapi.

Novemba mwaka jana alipata habari njema kitandani, kwamba tawi limepewa ruzuku nyingine ndogo, na kwamba darasa la watu wazima litafunguliwa tena kwenye ghala lile lile Jumatano ya tarehe 21 Februari, akafurahi, akaomba aletewe shati jeupe ili liwe tayari, lakini kila mkuu wa tawi alipokuja kumwona, swali lilikuwa moja, "amejiandikisha nani?", na jibu nalo lilikuwa moja, kwamba bado, watu wanapita, wanauliza ni darasa la nini, wakiambiwa wanasema wana haraka, naye aligeuka ukutani, na muuguzi binti yake anasema hata dawa siku hizo alizimeza shingo upande.

Jumapili tarehe 11 Februari 2024, saa nne asubuhi, wakati wa ibada, mkewe akimsomea Zaburi, akakwama kwenye neno moja refu, yeye akamsaidia kulimalizia bila kufumbua macho, mkewe akasoma hadi mwisho, na alipoinua uso Mungu alikuwa ameshamchukua mtumishi wake, akiwa na miaka sitini na saba, na orodha ya darasa ikiwa bado haina jina.

Ndiyo maana mjane ametaka yasemwe haya mbele yenu nyote, yeye ambaye zamani alishindwa kuyasema mbele ya kamati ya watu watano, kwa sababu anajua kwamba hapa tulipo wamo ambao wamepewa karatasi ya ibada na kuikunja mapema, anawajua kwa namna wanavyoikunja, na anawaambia kwamba Jumatano ijayo saa kumi na moja jioni atakuwa ameketi kwenye mlango wa ghala, na kwamba ni desturi mtu kwenda kumpa pole mfiwa, hivyo atakayeulizwa njiani anakwenda wapi, aseme anakwenda kumpa pole mjane wa Bwana Kimya, hakuna atakayemwuliza zaidi, na gunia la kukalia lipo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume kwa kumvumilia mgonjwa wa maswali, majirani mliolala nje na sisi, wafanyakazi wa maktaba wa zamani na wa sasa, akina mama na akina baba wa sokoni waliofunga meza zao leo, na mfuko ambao haukumjua kwa sura lakini ulimnunulia benchi, na wote tuliowasahau mtusamehe, kama tunavyoomba mumsamehe na yeye kwa kila aliyewahi kumtoa nje.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Nenda salama, kaka yetu, Mungu akupe pumziko lenye amani, na darasa tuachie sisi.