Kumuaga Thacienne Anayekwenda Kwenye Darubini ya Elektroni

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, Mzee Sixte mwenye binti, ndugu waalikwa, na nyie mliokosa viti: nawasalimuni wote. Mimi ni Rafaeli wa darubini. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyepimwa malaria katika zahanati yetu bila damu yake kupita kwenye jicho langu hili.

Nimeombwa nimuage Thacienne, anayepanda treni kesho kuifuata ndege ya kwenda kusoma Ulaya. Darubini ya huko, wanasema, ni ndefu kama mlango wa kanisa. Haitumii mwanga, inarusha elektroni, na wakubwa wake wanachunguza kama elektroni hizo zinaweza kufanya hesabu za kompyuta ya aina nyingine kabisa. Niliposikia, ndugu zangu, siku mbili chakula hakikupita. Kwa nini yeye? Nani alimfundisha kuweka tone la mafuta kwenye kioo? Leo sifa zote zake, zangu ziko wapi?

Juzi nilimwita nikamhoji. Akanieleza kuwa elektroni moja hupita njia mbili kwa pamoja, na hesabu zinatoka humo. Nikamuuliza kama ameiona ikipita.

"Babu, ukiichungulia inashika njia moja, na hesabu imeharibika."

Nikamwambia basi hiyo siyo kazi ya darubini, kazi ya darubini ni kuona. Akacheka, akaniongezea chai.

Sasa sikilizeni. Nyie mnanisifu kwa ajili ya Alex wa Getrude, yule aliyekaa mbele na miguu yake mirefu. Mwaka themanini na tisa, akiwa mtoto, hoi kwa homa, nilisoma damu yake nikaandika hakuna kitu. Utaratibu ni kwamba kila kioo kirudiwe na mtu wa pili, lakini changu nani angethubutu? Thacienne, aliyekuwa akinisaidia zahanati huku akisubiri matokeo ya kidato cha sita, alikirudia nilipotoka kidogo.

"Babu, vijidudu viwili viko hapa pembeni."

Nikamfokea. Kisha nikachungulia, nikavikuta, nikapiga mstari juu ya neno langu kitabuni, nikaandika vipo, nikatia sahihi yangu. Alex akapewa dawa, akapona. Miaka saba nimeshukuriwa mimi, na yeye kanyamaza.

Wivu ninao, sikatai. Ningepewa macho mapya leo, kesho ningepanda treni mimi. Lakini huko waambiwe: vioo vyao wampe huyu avirudie, hata vya mkubwa wao.

Mama Alex, mtu wako ni huyu, inuka umshike mkono. Mimi nimemaliza, asanteni kwa kunivumilia.