Katiba ya Kurasa Arobaini

Benchi ni langu, mimi fundi viatu wa nje ya geti la chuo, upande wa Kisian kando ya ziwa, lakini wiki hii nimekosa hata pa kuweka gundi. Mwaka jana mafuriko yalimfungia Perez nyumbani kwao Ahero, akakosa masomo wiki mbili, akafeli mtihani. Sasa anaanzisha chama: wanafunzi waliozuiwa na maji wawe wanawekewa notsi za darasani mpaka warudi. Wazo zuri, nampenda kwa hilo. Fomu inatakiwa ofisini kesho Ijumaa, na tangu Jumatatu asubuhi yeye na wenzake wawili wamenikalia hapa, wanakunywa kahawa ya Dorca, mama anayeuza hapa kando yangu, na kuandika katiba.

— Ibara ya thelathini na mbili, akasema Wechuli, ambaye tunamwita Katiba. Mwenyekiti akisafiri, nani anashika kiti?

— Makamu, akasema Perez.

— Na makamu akisafiri?

— Yawa! Kwani hawa wote wanaenda wapi? Dorca akauliza, akimimina kahawa.

— Mama, viongozi husafiri. Andika makamu wa makamu.

Huyo ni Okello, jina la benchi Injinia, ingawa anasoma ualimu kama wenzake.

— Pia tufungue tawi Pap Onditi, akaendelea.

— Huko tuko na mwanachama?

— Tawi ikifunguliwa watakuja wenyewe. Halafu mashua. Mafuriko utaiendea na miguu?

— Mashua inataka nahodha, Katiba akasema huku akiandika. Huyo ni ofisa ama mwanachama?

— Ofisa, buda! Na hii ziwa si yetu peke yetu. Weka balozi wa Uganda.

Perez akacheka mpaka kahawa ikamwagikia ibara ya nne. Hata mimi nilicheka, na hasira zangu.

Ndipo akaja msichana, suruali ameikunja, matope mpaka magotini. Akanipa viatu vilivyolowa.

— Baba, hizi zitapona?

— Zitapona.

Akawageukia wale.

— Naitwa Milka. Tuko darasa moja, nyinyi hukaa nyuma. Maji kwetu Ahero imepungua leo. Nimeambiwa chama iko hapa.

— Karibu sana! Okello akampangusia benchi kwa mkono wa shati lake.

— Asanteni. Sasa, nani ako na notsi za tangu Jumatatu?

Katiba akafunua kurasa zake kama aliyepoteza kitu humo. Injinia akatazama ziwani. Dorca akaufunga mfuniko wa chupa ya kahawa, na hakuna aliyemwomba aufungue.

— Hatujaingia darasani, Perez akasema. Pole, Milka. Nimeona haya kabisa.

Akamnyang'anya Wechuli katiba, akaigeuza. Kurasa arobaini, nyuma zote tupu.

— Saa nane kuna kipindi. Twendeni, notsi tutaandika hapa nyuma.

Wakaondoka wote wanne, Milka akiwa na ndala zangu miguuni. Nikaanika viatu vyake kwenye benchi langu, na kusema kweli nilifurahi.