Courant Gani? Kumuaga Tata Polycarpe Mbuyu wa Kituo cha Mwali

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Tata Polycarpe Mbuyu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Au kumi na mitatu. Nimehesabu mara tatu na bado sijui niandike ipi. Faili lake linaanzia mwaka 1991, alipoajiriwa kuwa fundi umeme katika kiwanda cha kusafisha shaba. Yeye mwenyewe anahesabu tangu 2012 tu, alipoingia hapa Kituoni, kwa sababu miaka ile ya mwanzo, anasema, ilikuwa ya shaba, haikuwa ya mwali. Chagueni wenyewe.

Mimi ni Chancelle Kitenge, sekretari wa Kituo. Nimepewa wasifu huu niuandike kwa kuwa ndimi niliyepiga chapa ripoti zake zote za miaka saba hii, na watu wanadhani aliyepiga chapa ameelewa. Sikuelewa. Ninachoweza kueleza ni kwamba mashine yetu ni bomba la mita thelathini, na ndani yake chembe ndogo mno zinasukumwa zikimbie kupita kiasi, hadi zigonge bamba mwishoni na kutengeneza dawa ambayo hospitali hutumia kupiga picha za kansa. Mbio hizo za chembe ndizo tunaziita mwali. Vinavyousukuma ni vyombo ishirini na vinne vya metali iitwayo niobi, ambavyo mafundi wetu wanaviita masufuria. Masufuria hayo hayafanyi kazi mpaka yapate baridi ya nyuzi mia mbili sitini na tisa chini ya sifuri. Hapahapa Kolwezi, ambako mwezi wa Oktoba hata maji ya bomba yanatoka moto.

Sufuria moja likiyumba kidogo tu, mashine nzima inajizima ili isiungue. Dawa ya siku hiyo inaharibika, na wagonjwa waliofunga tangu asubuhi wanarudi nyumbani bila picha. Kazi ya Tata Polycarpe ilikuwa kuhakikisha haizimiki. Sasa mtu unamsifuje kwa mambo ambayo hayakutokea? Mwaka jana mashine ilikwenda siku sitini na tatu bila kusimama hata mara moja. Siku ya sitini na tatu Tata alifika, akanywa chai, akatazama kioo cha mashine, akala makayabu yake, samaki wake wa chumvi, akaenda zake. Nilipiga chapa ripoti hiyo nikacheka peke yangu. Mkurugenzi alipoisoma karibu atokwe na machozi.

Kuna pia habari ya sweta. Kwa miaka kumi na mitatu ameivaa sweta ya sufu ya rangi ya kahawia, kiangazi na masika, na wageni wote waliondoka wakiamini kwamba anaingia kwenye ile baridi ya masufuria. Hakuna binadamu anayeingia humo. Alikuwa anaipenda sweta yake, basi.

Lakini lililomfanya ajulikane ni neno moja, nalo ni courant. Hapa kwetu courant ni umeme wa nyumbani. Ukikatika, mtaa mzima unalalamika. Ukirudi, watoto wanashangilia. Kumbe kwa mafundi wa mashine, courant ni mwali wenyewe, yaani wingi wa zile chembe zinazopita bombani. Mambo mawili, neno moja. Mwaka 2018 daftari la zamu lilikuwa na fomu yenye kisanduku kimoja tu cha sababu ya kusimama, kimeandikwa "Courant imekatika". Mashine ikisimama kwa sababu yoyote ile, mwenye zamu alipiga kelele "Courant inakatika!", akatia alama, akangoja.

Katika miezi mitatu zilipatikana alama mia moja na kumi na mbili. Wabia wetu wa ng'ambo walizisoma wakakata shauri: umeme wa Kolwezi haufai, mashine ifunguliwe vipandevipande ipelekwe nchi nyingine. Watu arobaini tungerudi nyumbani, na wagonjwa wa Lualaba nzima wangetafuta picha zao Afrika Kusini.

Tata Polycarpe peke yake ndiye aliyeuliza: "Courant gani?"

Hakuna aliyemwelewa, mimi nikiwa wa kwanza. Akaenda kwake Mutoshi, nyumba iliyo kwenye laini moja ya umeme na Kituo, akarudi na kalenda ya parokia. Mkewe, Mama Adèle, huuza samaki wa barafu, na kila umeme ukikatika huandika saa kwenye kalenda ili ajue samaki yupi auzwe mbele. Tata alilaza kalenda juu ya daftari, akafuata tarehe moja baada ya nyingine kwa kidole. Mama Adèle aliitwa ofisini kutoa ushahidi, naye hakutetereka: "Hii siku samaki ilibakia nguvu sawa jiwe. Courant haikukatika, tata, musinibebeshe bongo." Bongo kwetu ni uongo.

Umeme ulikuwa umekatika mara thelathini na moja. Hizo nyingine themanini na moja zilikuwa zetu wenyewe, na nyingi zilitoka kwenye sufuria namba tisa. Tata hakulifungua. Alilizima kabisa, kisha akawaongezea kazi majirani zake, namba nane, namba kumi na wengine wachache, kila mmoja asukume zaidi kidogo. Mwali ulipita pale palipolala mgonjwa kana kwamba yuko mzima. Miezi mitatu iliyofuata mashine yenyewe ilisimama mara sita, na wabia hawakutaja tena habari ya kuhama.

Hapo ndipo wasifu ulipaswa kwenda kwenye shukrani. Ila Jumatatu, nikitafuta tarehe ya kuajiriwa kwake, nilikuta kwenye faili barua ya lawama ya mwaka huohuo 2018. Kamati ya Kituo iliuliza ni nani aliyetengeneza fomu mbovu iliyotaka kutupotezea mashine. Chini yake kuna jibu la mstari mmoja, kwa mwandiko wake: "Fomu ni yangu. P. Mbuyu." Kwa barua hiyo alikaa miaka minne bila kupandishwa cheo, na ofisi ya mkuu wa matengenezo akapewa mwingine.

Fomu haikuwa yake. Niliitengeneza mimi, wiki ya tatu ya kazi, nikiwa bado kwenye majaribio, na courant niliyoijua ni ile ya nyumbani tu. Miaka saba nimedhani hakuna aliyewahi kuuliza. Wangejua, ningefukuzwa siku ileile.

Jumanne nilimfuata karakana nikiwa na barua mkononi, nimechanganyikiwa, nusu nalia nusu nimekasirika. Nikamuuliza kwa nini. Alivua miwani, akanitazama kama mtu anayenionea huruma.

"Fomu gani, mama?"

Kisha akaendelea kufunga vyombo vyake. Bado sijaelewa, na nimeacha kujaribu. Lakini asubuhi hii nimempelekea Mkurugenzi ombi kwamba barua ile itolewe kwenye faili la Tata Polycarpe na iwekwe kwenye langu, na nimelipiga chapa bila kosa hata moja.

Tata, wewe na Mama Adèle mnahamia Sandoa kulima mihogo. Kituo kizima kinakushukuru, nami nakushukuru zaidi ya wote. Mungu awape afya, mvua ya kutosha na majirani wema. Sweta ivae hukohuko. Na fomu ile, Tata, ilikuwa yangu.