Siku Tuliyomrudishia Mama Nkirote Gugumaji

Bi. Gladwell Nkirote anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025, baada ya kupalilia maji kwa miaka ishirini na sita. "Kupalilia maji" ndilo jina aliloipa kazi yake mwenyewe. Chama chetu cha Watumiaji Maji wa Ziwa Karia kinamwita Msimamizi wa Mimea ya Majini, lakini yeye husema cheo hicho ni kirefu kuliko mpini wa jembe.

Mama Nkirote alizaliwa Kanyakine, akaolewa Embu, na sasa anaishi mtaa wa Dallas, mjini humo humo. Alipoajiriwa, ziwa halikuonekana. Gugumaji lilikuwa limelifunika kutoka ukingo hadi ukingo, na maua yake ya zambarau yalipendeza hivi kwamba wageni walisimama kupiga picha. Siku moja ndama aliingia humo akidhani ni malisho. Mwenye ndama, Mzee Nyamu ambaye leo ni mwenyekiti wetu, alibaki ukingoni akipiga mayowe. Mama Nkirote ndiye aliyejifunga kamba kiunoni akamfuata. Ndama alipona. Nilipoanza kazi hapa baada ya kumaliza kidato cha nne, nilishtuka kusikia kwamba siku hiyo Mama hakujua kuogelea. Nilishtuka zaidi kuambiwa kwamba hajui hadi leo.

Miaka ya kwanza Mama na wanakijiji waling'oa kwa mikono, na kila baada ya mvua gugumaji likarudi. Ndipo Mama akasafiri hadi kituo cha utafiti, akarejea na ndoo zilizofunikwa kwa chandarua. Ndani mlikuwa na wadudu, fukusi. Wakulima waliposikia neno hilo, mkutano ulikaribia kuvunjika. Mama Ruguru, mpishi wetu, alipanda juu ya benchi.

"Nkirote, tumekukosea nini? Wa mahindi hatujawamaliza, sasa unatuletea wa kuogelea?"

Mama aliwaeleza kwamba fukusi hao hawana haja na mahindi. Chakula chao ni gugumaji peke yake. Watu walirudi nyumbani wakinung'unika, lakini msimu baada ya msimu majani yalijaa madoa, yakakauka, yakazama. Maji yakaonekana. Pampu ya kijiji ikafanya kazi bila kuziba, mashamba ya muguka na nyanya yakamwagiliwa, na watu wakaanza tena kuvua perege.

Likabaki gugumaji katika kona moja tu, kule mto unakoingilia, nyuma ya mafunjo. Mama aliipita kona hiyo mwaka baada ya mwaka bila kuigusa. Wengi tuliamini kwamba matope ya pale yalimshinda, na kwa heshima hakuna aliyemuuliza.

Ndiyo maana Jumamosi iliyopita tulimwandalia zawadi. Kivuti, anayeendesha mashua yetu, alisema kwamba badala ya blanketi na saa ya ukutani, tummalizie kazi. Ujima ukatangazwa kanisani. Watu waliteremka hata kutoka Kibugu, wakaacha majani chai yao shambani. Mchana ulipofika, kona ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Kisha Mama akaletwa kwa nyimbo na vigelegele, amevaa rinda lake la Jumapili.

Aliyatazama maji. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Na fukusi wangu?" aliuliza. "Kivuti, mwanangu, fukusi wangu watakula nini?"

"Si wako kwa maji, Mama? Kama samaki?"

Maneno yake ya miaka ile tuliyakumbuka upande wa mahindi tu, tukasahau upande wa gugumaji. Kona ile ilikuwa zizi lake. Pale ndipo alipowafuga fukusi, ili mto ukileta gugumaji jipya wakati wa mvua, wawepo wa kulila. Na mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukusanyika juu ya mlima. Kazi ya maisha yake yote ilikuwa imeng'olewa asubuhi moja, na watu wanaompenda, huku wakiimba.

Hakutulaumu. Alivua viatu, akapandisha rinda, akaliendea rundo la gugumaji pale ukingoni na kuanza kulirusha ziwani. Miaka yote alitufundisha kulitoa, na sasa mwalimu mwenyewe analirudisha! Kisha Mzee Nyamu akavua koti, naye akarusha. Sote tukafuata. Mama Ruguru alikuwa ameshapeleka toroli kadhaa kwenye migomba yake. Alirudi mbio akisukuma toroli la mwisho lililojaa, jasho na machozi vikimtiririka pamoja.

"Hawa wako wa kuogelea nimewarudisha wote," alisema. "Usinilaani, dada yangu."

Tulimaliza jua likizama, tumejaa matope kuanzia kichwani, na hakuna aliyejua kama tumewahi au tumechelewa.

Jana Mama aliinama katika kona ile, akageuza jani moja, halafu jingine. Kwenye la tatu alinionyesha madoa mapya ya duara, na chini kabisa, shinani, mdudu wa kijivu aliyejibanza, mdogo kama punje ya mtama.

"Wanakula," alisema, akakaa chini pale pale kwenye matope na kucheka hadi akashika mbavu.

Kamati imeamua kuizungushia kona hiyo kamba na mitungi ya kuelea, isiguswe tena. Kivuti amejitolea kuilinda kabla hata hajaombwa.

Mama Nkirote, asante kwa maji tunayoyaona. Asante pia kwa kutuvumilia Jumamosi ile, ulipokuwa na haki ya kukasirika. Tunakuombea maisha marefu, yenye afya na wajukuu wengi wa kukuchosha. Mvua ikianza kunyesha, wewe lala tu. Fukusi wana chakula.