Maziwa Bila Mtoto

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wamsifu waliopokea, na sisi ambao mikono yetu bado mitupu tumsifu vilevile.

Mimi ni Espérance. Wengi mnanijua kama Madamu Déo, yule wa korali, muuza vitenge wa soko la Jabe. Mchungaji amenipa dakika kumi, lakini nimezingoja kwa muda mrefu, kwa hiyo nikizidisha mnivumilie. Na ninyi wababa, naomba msitoke nje. Nitasema mambo ya mwili wa mwanamke, na mume wangu Déo, ambaye ameketi pale mstari wa tatu, ameniruhusu niseme yote.

Tulifunga ndoa katika kanisa hili hili, miaka saba iliyopita. Déo ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulipanga nyumba hapa mtaani Ngagara, kartie ya sita, yenye chumba kimoja cha ziada. Hatukusema ni cha nani. Tulijua sote wawili.

Ndugu zangu, mnajua desturi yetu. Mwanamke akizaa, jina lake la zamani linapumzika. Anaitwa Mama Bella, Mama Chris, Mama Kelly. Wenzangu wote waliofunga ndoa mwaka ule walibadilishwa majina mmoja baada ya mwingine, mimi nikabaki Madamu Déo. Kila walipojifungua nilikwenda kuwahemba, kumpongeza mzazi kwa zawadi na kinywaji kama inavyotakiwa. Nilipeleka kitenge kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo sokoni. Nilipewa mtoto nimpakate, nikamnusa kichwani, nikamrudisha. Kumrudisha ndiko kulikonishinda. Nilikuwa natafuta sababu ya kukaa naye dakika moja zaidi: nilisema soksi imemtoka, nilisema ana jasho.

Mwaka wa nne mwili wangu ulianza kubadilika. Haukubadilika siku moja. Ulikwenda polepole, kama mtu anayehama nyumba akitoa kitu kimoja kimoja. Kwanza ulikuja uchovu. Niliamka nimechoka kuliko nilivyolala. Pale Jabe nilikuwa nasinzia juu ya marobota ya vitenge, mteja ananigusa bega ndipo nashtuka. Nikaanza kunenepa na huku nakula kidogo kuliko Déo, hata watu wakanipongeza wakidhani ni mimba. Nilipima. Haikuwa mimba. Nywele zilibaki kwenye kitana. Ngozi ya miguu ikakauka, choo kikawa shida, nikawa nasahau bei ya kitambaa ambacho nilikuwa nimetoka kukitaja. Na baridi! Ndugu zangu, ninyi mnaijua Bujumbura saa saba ya mchana. Mimi nilivaa sweta.

Hata sauti yangu ilishuka. Nilikuwa sauti ya kwanza katika korali, mnakumbuka. Kiongozi wetu akaniambia kwa upole nihamie sauti ya tatu, nikahama, nikasema labda ni umri. Nina miaka thelathini na mbili.

Siku zangu za mwezi nazo zilivurugika. Mwanzoni zilikuja nyingi mno, kisha zikawa zinaruka mwezi, kisha zikakoma kabisa. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mwanamke ambaye hajazaa akisema siku zake zimekoma, watu wanafunga kitabu chake.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile. Tulikuwa tumesimama hapa mbele, tumevaa blauzi nyeupe. Katikati ya wimbo nikasikia unyevu kifuani. Nilidhani ni jasho. Nikainamisha macho, nikaona madoa mawili ya duara kwenye blauzi. Mwenzangu wa kulia aliyaona pia. Yeye ni mama wa watoto watatu, hakuhitaji kuelezwa ni nini. Nilishuka jukwaani nikiwa nimekumbatia kitabu cha nyimbo, nikaenda chooni, nikajibonyeza. Yalikuwa maziwa.

Naomba mnielewe. Kabla ya hofu, nilifurahi. Nilisimama pale chooni nikiangalia tone jeupe kwenye kidole changu, na moyo wangu ukasema, mtoto yuko njiani. Nilipima tena siku ile ile. Hakukuwa na mtoto.

Mwezi ule neno lilitembea kuliko mimi. Watu walisema nilizaa kwa siri nikaficha. Wengine walisema nilitoa mimba ya mwanamume wa sokoni. Lilimfikia mama mkwe wangu huko Gitega, naye akampigia Déo simu. Jioni ile Déo alikaa mezani bila kugusa chakula. Akaniuliza swali moja.

“Espérance, huyo mutoto yuko wapi?”

Nilimjibu kwamba hakuna mtoto. Akachukua shuka, akahamia salo, sebuleni. Hakunipiga, hakunitukana. Alihama tu, na kati yetu kukawa na ukuta na chumba kile kitupu.

Dada zetu wa kundi la maombi walinijia. Sisemi kwa kuwashtaki. Walinipenda kwa namna walivyojua. Walisema panapotoka maziwa palipita mtoto, na kwamba nikitubu Mungu atalifungua tumbo langu. Nilifunga kula siku nyingi. Nilizidi kudhoofika, na maziwa hayakukoma. Mwishowe walinipangia siku ya Jumamosi, nije nikiri mbele ya wazee.

Nami nilikubali. Hili ndilo jambo ambalo sijawahi kulisema. Nilikuwa tayari kukiri kwamba nilimuua mtoto ambaye hajawahi kuwepo. Nilikuwa nimechoka kukataa. Na kulikuwa na kitu kingine kibaya zaidi: kama ningekiri, ingekuwa kwamba nilikuwa na mtoto. Ningeweza kumlilia mbele za watu. Nilishampa hata jina, peke yangu, nikifua blauzi.

Alhamisi kabla ya Jumamosi hiyo nilikuwa Jabe. Jirani yangu wa meza sokoni ni Mama Zaituni, Mwislamu, mzaliwa wa Buyenzi, anauza nyuzi na vifungo. Tumekaa jirani miaka mitano tukiazimana mkasi. Siku ile alinitazama nikifunga vifungo vya sweta, akaniuliza tangu lini nasikia baridi hivyo. Nikaendelea kufunga vifungo. Akauliza tena. Basi nikamwambia yote, mpaka maziwa, mpaka Jumamosi.

Alisogeza mtandio wake pembeni akanionyesha shingo. Kulikuwa na kovu refu jembamba, kama mkufu. Miaka mitano, sikuwahi kuliona. Aliniambia alikuwa na uvimbe kwenye tezi ya shingoni, wakautoa pamoja na tezi, na tangu hapo anameza kidonge kila siku ili kifanye kazi iliyokuwa ya tezi ile. Kabla ya kupata dawa alikuwa kama mimi, akivaa makoti Buyenzi.

“Mi sijui hiyo maziwa inatoka wapi, mwanangu,” alisema. “Lakini hiyo baridi, hiyo sauti, hiyo nywele, mi najua. Usiende kukiri kitu kama haujapima damu.”

Nilimwomba anipe kidonge chake kimoja nijaribu. Alikataa kabisa. Alisema kila mutu na dawa yake. Akamwomba jirani aangalie meza zetu zote mbili, akanishika mkono mchana ule ule, tukaenda kliniki anakotibiwa.

Daktari alikuwa mwanamke, Daktari Odette. Ndugu zangu, yule mama aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Siku za mwezi zilianza kubadilika lini. Napata choo mara ngapi. Kichwa kinauma? Macho yanaona vizuri pande zote? Kuna dawa yoyote ninayokunywa? Alinigusa shingo, akanipima mapigo ya moyo, akatazama nywele zangu. Akapima tena mimba, kisha akachukua damu. Alisema majibu ni wiki ijayo.

Jumamosi sikwenda kukiri. Nilituma ujumbe kwamba nangojea majibu ya kliniki. Wakasema ninakimbia. Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu kuliko miaka saba.

Nilirudi na Déo, kwa sababu daktari alisema nije naye. Daktari Odette alituketisha wote wawili akachukua karatasi akachora na kuandika. Alisema mwilini kuna wajumbe wanaoitwa homoni. Wanasafiri kwenye damu, wakipeleka habari kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Tezi ya shingoni, ile wanayoiita tiroide, ndiyo inayoamuru mwili uwe na joto na nguvu. Yangu ilikuwa imelala. Ubongo ukaona imelala, ukawa unaipigia kelele iamke, kila siku, kwa nguvu zaidi. Na kelele ile ikawa inaamsha tezi nyingine isiyohusika, ile inayoagiza maziwa. Maziwa yakaagizwa, na yakishaagizwa hivyo, mwili unadhani unanyonyesha, unasimamisha siku za mwezi.

Kisha akamgeukia mume wangu. “Bwana, maziwa haya hayahitaji mtoto ili yatoke. Damu ya mke wako imeeleza yote.”

Déo aliomba ile karatasi. Aliikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati. Tulinunua dawa, tukarudi nyumbani, na usiku ule alirudisha shuka lake chumbani. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alinisimamia kando ya kitanda na glasi ya maji na kidonge, maana daktari alisema nimeze kabla ya kula chochote na nikae kidogo kabla ya chai. Ndipo akasema, “Nisamehe. Nilisikiliza watu.” Nilipokea glasi kutoka mkononi mwake. Nilimeza.

Alimpigia mama yake simu mbele yangu. Alimsomea kile kilichoandikwa kwenye karatasi, neno kwa neno, kama anavyowasomea wanafunzi. Na Mama Bella, kiongozi wa kundi letu la maombi, alikuja kwangu mwenyewe, akapiga magoti jikoni. Ameniruhusu niseme hivyo. Mwezi uliofuata alimpeleka mdogo wake kwa Daktari Odette, binti ambaye siku zake zilikuwa zimekoma. Yeye aliambiwa ana tatizo jingine, na dawa nyingine. Mnaona? Dalili zinaweza kufanana, na chanzo kikawa mbalimbali.

Haikuwa ghafla. Msidhani nilimeza kidonge nikaruka. Kila baada ya wiki kadhaa nilipimwa damu tena na dawa ikaongezwa kidogo. Baridi ilikuwa ya kwanza kuondoka. Kisha uchovu. Sauti ilipanda polepole. Na baada ya miezi mitatu hivi maziwa yakakauka.

Ndugu zangu, nililia. Nilikuwa nimeomba yakauke, na yalipokauka nilikaa kitandani nikajibonyeza, hakuna kitu, nikalia kama mtu aliyefiwa. Aibu yote ile, lakini ndicho kitu pekee cha umama nilichowahi kuwa nacho. Déo alinikuta hivyo. Aliketi kando yangu.

Siku zangu zilirudi Jumanne moja, nikiwa namkatia mteja kitenge. Nilimtumia Déo ujumbe mmoja: imerudi. Alipiga simu kutoka shuleni, nikasikia watoto wakipiga kelele nyuma yake, na yeye akaniomba niseme tena. Mama Zaituni alinunua fanta mbili. Tulikunywa tumesimama.

Sasa nifike mwisho, maana Mchungaji ananitazama. Wengi wenu mnangoja niseme nina mimba. Sina. Mwezi wa tano siku zilichelewa siku kumi na moja, nikatembea taratibu kama nimebeba yai, kisha zikaja. Daktari anasema mlango uliokuwa umefungwa sasa uko wazi, lakini yeye hajui ni lini. Déo naye alikubali kupimwa, jambo ambalo wanaume wachache hukubali, na tunaendelea pamoja. Bado namtamani mtoto. Namtamani asubuhi nikimeza kidonge, namtamani nikipita mbele ya kile chumba. Tamaa haikuponywa. Ila sasa namwomba Mungu nikiwa mzima, nikijua mwili wangu unasema nini, na sina dhambi ya uongo kinywani.

Bwana alinikomboa kwa mkono wa jirani wa dini nyingine na kwa sindano ya damu. Mimi simwekei masharti ya njia.

Dada zangu, mwili ukibadilika, usinyamaze. Uchovu usioisha, siku zilizokoma, nywele, unene au wembamba usioelezeka, maziwa bila mtoto. Ombeni, ndiyo, na mwende mkapimwe. Msimeze dawa yangu, mkatafute yenu. Na mkimwona mwenzenu amelowa kifuani, mfunikeni kwa kitenge kwanza, maneno baadaye.

Baada ya ibada nitakaa nje, pale karibu na bomba la maji. Mwenye swali aje, hata kama ni la kunong’ona. Asiyetaka kuonekana aje wa mwisho, nitamngoja. Mungu aliyeningoja mimi awangoje na ninyi. Amina.